Mwaka wa Kuuza Saa Tusizozijua

Mwezi uliopita tulimzika Selina kule Nakwa. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, mpwa wake alisimama akasema shangazi yake alikuwa mtaalamu wa saa za kifahari, miongoni mwa wa kwanza katika mji huu. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeketi na wazee wenzangu wa kanisa, nikainamisha uso kana kwamba naomba. Nilimpenda Selina, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa maana tulikula sahani moja mwaka mzima na hakuwahi kuninyima kipande kikubwa cha samaki. Lakini mtaalamu wa saa hakuwa. Mimi pia sikuwa, wala Godlisten tuliyefanya naye kazi, wala bosi wetu aliyezileta saa zenyewe. Tulikuwa watu wanne nyuma ya kioo safi, tukiuza vitu ambavyo hatukujua vinafanyaje kazi, na kila aliyetuuliza alipata jibu. Umri huu nilionao umenifundisha kuvumilia mengi. Hilo bado linanichosha nikilikumbuka.

Ulikuwa mwaka ambao mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga na Babati ilikuwa bado inajizoeza kuitwa makao makuu. Ofisi zilifunguliwa katika nyumba za kupanga, maofisa walifika na magodoro yao juu ya malori, na siku za mnada ungekutana na wachimbaji wa Mirerani wakinunua suruali nne kwa mpigo bila kuuliza bei. Bwana Kiwia aliwatazama watu hao akaona jambo moja: mikono yao mitupu. Akafungua duka la saa kando ya barabara kuu, kati ya duka la mbolea na banda la chipsi. Halikuwa duka la saa za plastiki za sokoni. Lilikuwa na kabati za vioo, taa ndogo za kumulika kutoka juu, na kitambaa laini cha bluu ambacho kila saa ililazwa juu yake kama mtoto mchanga. Harufu ya chipsi iliingia hata hivyo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha Biblia na ninasubiri kupangiwa kituo, nimepanga chumba Nangara kwa Mama Anjela, na nilihitaji kula. Bwana Kiwia aliponihoji aliuliza swali moja tu, kama kweli nimeokoka. Nikasema ndiyo. Akasema basi nianze Jumatatu, kwa sababu waliookoka hawaibi.

Mafunzo ya kazi yalikuwa sentensi moja, na alitupa tukiwa tumesimama. “Mteja akiuliza, jibu. Ukisita ameondoka. Humu dukani mwangu sitaki kusikia mtu anasema sijui.” Nilimuuliza, kwa adabu, nani atatueleza habari za saa zenyewe. Akanitazama kama niliyeomba mshahara wa mbele. “Saa ni saa, Dada Ruthi. Inaonyesha saa.” Kisha akatoka kwenda kunywa supu.

Selina alikuwa na kipaji cha sentensi ile. Alikuwa mrefu, sauti yake tamu, na alishika saa kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika mkate wa Meza ya Bwana. Nakumbuka ofisa mmoja wa mkoa, mgeni bado, aliinamia kioo akauliza zile duara tatu ndogo ndani ya saa kubwa ni za nini.

“Hii ni ya Dodoma, mheshimiwa,” Selina akasema bila kupepesa. “Hii ya Dar es Salaam. Hii ya Ulaya.”

“Dodoma na Dar wana saa tofauti?”

“Kidogo tu. Ndiyo maana mikutano inachelewa.”

Ofisa alicheka, akanunua. Sijui kama alicheka kwa sababu alijua, au kwa sababu alidhani ni mzaha wa mtu anayejua. Godlisten naye alikuwa na yake. Mchimbaji mmoja alisoma nyuma ya saa kwamba ndani mna vito, akataka kujua ni vito gani. Godlisten akamwambia ni tanzanaiti, kutoka kwao kulekule, zilikwenda Ulaya zikarudi. Yule mtu akatoa kisu mfukoni ili aifungue atazame. Tulimzuia watatu. Mchana, tukila ugali na perege wa ziwani kwenye stoo nyuma ya makatoni, niliwauliza wenzangu haya yote wanayatoa wapi.

“Kichwani,” Godlisten akasema. “Wewe mahubiri unayatoa wapi?”

“Kwenye kitabu.”

“Basi sisi hatukuletewa kitabu. Kula samaki.”

Chuoni tulifundishwa kuogopa neno la bure, yaani neno ambalo msemaji wake hakulipima kabla ya kulitoa. Nilikuwa nikidhani ni onyo la wahubiri. Sikujua kwamba unaweza kukaa mahali ambapo neno la bure ndiyo kazi yenyewe, unaingia nalo asubuhi, unapangusa vioo, unalitoa hadi jioni. Mimi nilijitahidi kusema yale niliyoyaona kwa macho: rangi, uzito, ukanda wa ngozi au wa chuma. Wateja waliniona mzito. Wengi walihama upande wangu wa kabati wakaenda kwa Selina.

Kabla ya mvua za masika ilikuja kamati ya kanisa kutoka vijiji vya upande wa Dareda, wanaume wawili na mama mmoja, wamevaa vizuri, viatu vina vumbi. Mwinjilisti wao, Mzee Bura, alikuwa anastaafu baada ya kuzunguka vilima vile kwa miguu maisha yake yote, na washarika walitaka kumpa kitu ambacho hatakiweka sandukuni. Selina akawatolea saa ya rangi ya dhahabu, moja ya zile tulizoziita za heshima. Mama wa kamati akauliza betri yake inapatikana wapi, maana kijijini ni shida.

“Hii haitaki betri, mama. Wala haitiwi ufunguo.”

“Sasa inatembea kwa nini?”

Nilimwona Selina akisita, nusu ya kupepesa jicho. Kisha akasema, “Inakunywa joto la damu. Ukiivaa, damu inapita chini yake, yenyewe inapata nguvu. Mwinjilisti akiwa hai, nayo hai.”

Wanakamati wakatazamana. Mmoja akasema taratibu kwamba hilo lenyewe ni somo la Jumapili. Wakainunua, tukawafungia kwenye kisanduku chenye utepe. Walipotoka nikamuuliza Selina nani amemwambia habari za damu. Akanijibu kwa uchovu, kama mtu anayeelekezwa njia ya nyumbani kwake. “Niliifungua moja siku moja, nikaona haina betri. Kitu kilicho karibu nayo ni mkono. Ulitaka niseme nini, Ruthi?”

Mvua zilipokatika alikuja mke wa Mzee Bura, Mama Yakobo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitenge kimemfunika hadi kidevuni, na matamshi yake yalikuwa ya watu wa vilimani, herufi nyingine zikitoka kooni. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mara tatu, moja kwa kila mtu. Kisha akafungua fundo la kitambaa akaitoa ile saa. Mumewe alikuwa amepigwa na kiharusi, akasema, yuko kitandani, na saa inasimama. Wakimvalisha jioni, kesho yake au siku inayofuata imekufa.

Godlisten akaishika, akaiweka sikioni, akacheka. “Mama, inatembea kuliko basi ulilokuja nalo.”

Ilikuwa inatembea kweli. Mama Yakobo aliitazama kama mtu aliyeaibishwa na mtoto wake mbele ya wageni. Akaifunga, akarudi kwao. Baada ya majuma kadhaa akaja tena, na ikawa vilevile: nyumbani imekufa, dukani inatembea. Safari hiyo hakuondoka. Alimsogelea Selina, akasema kwa sauti ya chini, lakini duka lilikuwa dogo na wote tulisikia.

“Binti yangu, wewe ulisema inakunywa damu. Sasa kama inasimama mkononi mwake tu, maana yake nini?”

Bwana Kiwia alikuwa amesimama mlangoni. Selina alimtazama, akamtazama mama, na lile zoezi la mwaka mzima likamtoka lenyewe. “Labda damu imepungua, mama.”

Mama Yakobo aliitikia kwa kichwa. Akaifunga saa kitambaani, akatoka. Nilimfuata hadi nje nikamshika mkono, nikamwambia asiyasikilize sana maneno ya dukani. Alinishukuru kwa upole, kama unavyomshukuru mtu anayekupa pole. Alikuwa amekwisha kuliamini lile lililomuumiza zaidi.

Alirudi mara ya tatu, na sasa alitaka tuichukue saa moja kwa moja. Hakutaka kurudishiwa chochote. “Sitaki kitu cha kumhesabia mume wangu ndani ya nyumba,” akasema. Ndipo tukasikia yaliyobaki. Hospitali walikuwa wameagiza mkono na mguu wake vilivyopooza, visivyosikia hata kubanwa, vichuliwe kila siku, na apelekwe kliniki kila juma. Shemeji yake, Daudi, mdogo wa mgonjwa, ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa baiskeli. Saa iliposimama mara ya pili na Mama Yakobo akaleta jibu letu, Daudi aliiegemeza baiskeli ukutani akasema mwili ambao damu imeuacha usiteswe tena, aachwe apumzike. Kuchua kukakoma. Kliniki ikakoma. Walikuwa wanamngoja afe, kwa upendo wote, kwa sababu muuza duka mmoja hakuruhusiwa kunyamaza.

Bwana Kiwia akamwambia saa itapelekwa kwa fundi wetu wa Arusha. Hatukuwa na fundi Arusha. Mama Yakobo alipoondoka, saa ikawekwa kwenye droo, na kesho kutwa yake ilikuwa imesimama. “Kumbe ni mbovu kweli,” bosi akasema. Godlisten akaivaa siku nzima, ikatembea. “Kumbe si mbovu,” Godlisten akasema, “mzee ndiye.” Selina alikuwa anapangusa kioo kilekile kwa muda mrefu. Siku hiyo hakula.

Niliomba niende nayo nyumbani. Sikuwa na mpango wowote, ila nilitaka kuitoa mikononi mwa watu wale. Kwa Mama Anjela tulikuwa wapangaji watatu na jiko moja, na jiko hilo lilikuwa na mlango wa bati ambao haukuwahi kufungika. Upepo ukiupiga unakwenda, mtu akipita na sufuria unakwenda, watoto wakikimbizana unakwenda, siku nzima unabamiza na kulia. Chumbani kwangu panya walikuwa wengi, wanatafuna hata ukanda wa ngozi. Kwa hiyo niliitundika saa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, juu, watoto wasiifikie, na nikaisahau hapo tangu Ijumaa. Jumapili baada ya ibada nilikuwa nachambua mchele nikasikia Mama Anjela anasema, “Hii saa yako ya dhahabu iko sawasawa na redio.”

Nikainuka nikaitazama. Ilikuwa inatembea. Mlango wa bati ukagonga ukuta, saa ikayumba kwenye msumari wake, na nikasimama pale na ungo mkononi. Bati halina damu. Bati lilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Nikaichukua saa nikaitikisa sikioni, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza kitu kingine zaidi ya ule mlio wake: kulikuwa na kitu kizito kidogo ndani kinazunguka kila nikitikisa. Kumbe haikuwahi kunywa chochote. Ilitaka kutikiswa tu. Kwenye basi la Mama Yakobo ilitikiswa, mkononi mwa Godlisten anayeongea kwa mikono yote miwili ilitikiswa, na kwenye droo ililala. Nilicheka peke yangu, kisha hasira ikanipanda hadi nikaketi. Mwaka mzima tulikuwa tumezishika saa hizo kila asubuhi. Kitu kile kilikuwa kinazunguka ndani ya vidole vyetu na hakuna aliyekuwa amekitegea sikio.

Jumatatu nilimweleza Bwana Kiwia. Alinisikiliza vizuri, hata akaitikisa mwenyewe, akatabasamu. Nikadhani tumemaliza.

“Safi sana,” akasema. “Akija mwambie fundi ameitengeneza.”

“Bosi, haikuharibika.”

“Kwani yeye atajua?”

“Ikisimama tena baada ya kuambiwa imetengenezwa, hao watu watachimba kaburi.”

“Dada Ruthi.” Alishusha sauti, maana mteja alikuwa anaingia. “Ukienda kumwambia mtu kwamba duka langu haliijui saa linayouza, nani atanunua hapa tena? Ukienda kusema hivyo, usirudi.”

Nilipangusa upande wangu wa kabati mara ya mwisho, kwa sababu ulikuwa na alama za vidole, nikachukua kitenge changu na ile saa. Selina alinifuata hadi kwenye banda la chipsi. Nilidhani atanizuia. Akasema tu, “Mwambie ni mimi niliyesema. Usiseme sisi.” Nimewasikia watu wengi wakitubu makanisani tangu siku hiyo, kwa machozi na kwa vipaza sauti. Wachache wamenigusa kama yeye, amesimama kwenye moshi wa mafuta na kitambaa cha kupangusia vioo mkononi.

Nilipanda basi la Dareda, kisha nikatembea. Nyumba ya Mzee Bura ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uani kumeanikwa maharage, na Daudi alikuwa akiyapiga kwa fimbo. Alinikaribisha vizuri hadi aliposikia natoka duka la saa. Akaingia nami ndani, akasimama mlangoni mwa chumba na fimbo yake. Chumba kilikuwa safi, kina harufu ya mafuta ya kuchua ambayo hayakuwa yametumika muda mrefu, kalenda ya kanisa ukutani, kitanda kimegeuzwa ili mgonjwa aone nje. Mzee Bura alikuwa mtu mkubwa aliyepungua. Mdomo wake uliinama upande mmoja, lakini macho yalikuwa yanafuata kila kitu. Mama Yakobo akaniletea chai ya maziwa na viazi vitamu kabla ya kuniruhusu kuanza.

“Mlikuwa mnamvalisha mkono upi?” nikauliza.

“Wa kushoto,” Mama Yakobo akasema. “Si ndio wa saa?”

“Na uliopooza?”

Aliutazama mkono uliolala juu ya shuka. Kisha akasema, “Wa kushoto.”

Nikawaeleza yote, mlango wa bati, droo, basi. Nikasema saa haijui lolote kuhusu damu ya mtu, inajua kutikisika tu. Nikasema pia kwamba Selina ameniagiza niseme ni yeye. Daudi alinikatiza kwa ukali.

“Kwa hiyo yule binti alitudanganya.”

“Alisema jambo asilolijua.”

“Kuna tofauti?”

Nilikuwa nimesoma chuo, nimeandika mitihani kuhusu ulimi na kweli. Nilimtazama mgonjwa kitandani. “Kwa huyu hapa,” nikasema, “hakuna.”

Mama Yakobo aliichukua saa, akaivalisha kwenye mkono wa kulia wa mumewe, akafunga ukanda tundu la mwisho kwa sababu mkono ulikuwa umekonda. Mzee Bura akauinua, akautikisa kama anayefukuza kuku kwenye maharage. Akauweka sikioni. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akasema kitu, ulimi mzito, na mkewe akalazimika kuinama.

“Anasema na yeye aliamini,” Mama Yakobo akatuambia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akamgeukia mumewe. “Wewe uliamini? Baba Yakobo? Ndiyo maana ukaacha hata kujaribu? Miaka yote unatuambia tusiende kwa waganga, halafu unamwamini msichana wa dukani?”

Mzee aliangalia dari. Nadhani aliona haya, na mimi nilitamani kumtetea na kumkaripia kwa pamoja. Daudi alikuwa bado mlangoni.

“Shemeji,” Mama Yakobo akasema bila kumtazama, “ijaze upepo baiskeli. Kesho ni siku ya kliniki.”

“Kesho nina maharage.”

“Nimeyaona.”

Daudi akatoka, tukasikia fimbo ikitupwa uani na pampu ikianza kulia. Mama Yakobo akachukua chupa ya mafuta dirishani, akaifungua kwa meno, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuuweka ule mkono wa kushoto mapajani mwake. Alianza na vidole, kimoja kimoja, kisha kiganja, akapanda kuelekea kiwiko. Alikuwa na hasira, na alichua kama mtu anayekanda unga wa watu wengi. Sikuthubutu kunyanyua kikombe.

“Polepole,” Mzee Bura akasema. Hilo nililielewa bila kutafsiriwa. “Unaniumiza.”

Mikono ya Mama Yakobo ikasimama.

“Wapi?” akauliza.

Mzee akainua mkono wa kulia, akaonyesha kwa kidole chini kidogo ya kiwiko cha kushoto. Mama Yakobo akapabonyeza tena palepale, kwa nguvu zaidi, akimtazama usoni.